Fundi Mitambo na Sauti ya Chini

Ukimwomba Fundi Mitambo arudie jambo alilokwisha kulisema, ulikuwa umejitafutia mwenyewe. Hakugomba. Aliipandisha miwani yake hadi kwenye paji la uso, akakutazama kidogo, akairudisha chini na kuendelea na kazi kana kwamba umeshatoka chumbani. Waliomjia kwa mara ya kwanza walisema ana kiburi. Sisi tuliomzoea tulijua kiburi anacho, tena cha kutosha, ila si hicho kilichomnyamazisha. Kurudia kulimuuma, kama jino linavyomuuma mtu mwingine.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika redio ndogo pale Morogoro mjini. Ilikuwa ile miaka ya milango ya biashara kufunguliwa, kila mwenye uwezo anaanzisha chake: huyu basi, yule duka la mitumba, mwingine mashine ya kusaga. Tajiri wetu aliona wenzake wamejazana kwenye mabasi, akaanzisha redio. Mimi nilitoka Songea, nikapewa kipindi cha wazee kilichorushwa jioni. Fundi Mitambo alipewa kila kitu chenye waya. Jina lake halisi lazima lilikuwepo, lakini sikumbuki kulisikia likitamkwa. Hata mkewe alipopiga simu ya mezani aliomba kuongea na Fundi Mitambo.

Kabla ya redio alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja ambacho kiliuzwa, kikafungwa, kikafunguliwa kwa mbwembwe, kikafungwa tena. Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walikikumbuka kwa uchungu, na walikuwa na haki. Yeye alikikumbuka kwa mapenzi. Alitusimulia habari za mashine ya kukunja vitambaa: mkono wa chuma unakwenda, unarudi, unakwenda, tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka, na binadamu amesimama pembeni anakunywa chai.

"Mashine inarudia ili mtu asirudie," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Mengine yote ni rangi tu."

Cha ajabu, mtu huyo huyo alikula ugali na mlenda kila mchana, kwa mama ntilie yule yule, kwenye benchi lile lile, ameupa mgongo mlima unaoutazama mji. Alitembea kutoka kwake Mafiga kuja redioni kwa njia moja tu, hata siku ambazo njia hiyo ilikuwa tope tupu na nyingine kavu. Mashati yake yalikuwa ya aina moja, kiasi kwamba wengine waliamini ana shati moja. Siku moja nikamchokoza.

"Fundi, unachukia kurudia, na mlenda je?"

"Pale sifikirii," alinijibu. "Mkono unakwenda wenyewe. Kinachonichosha ni kazi ambayo lazima ukae macho, halafu hakuna kipya cha kuona."

Nililichukulia kama utani. Baadaye nilipomwona na kompyuta nikaelewa kwamba mtu huyu alikuwa amelifikiria jambo hilo maisha yake yote.

Kompyuta zetu zilikuwa za mitumba kama mashati yetu. Zilifika zikiwa na vumbi la nchi za watu, na moja ilikuwa imebandikwa picha ya paka ambayo Fundi Mitambo hakuibandua, kwa sababu, alisema, paka hajakosea. Tajiri alitaka kanda zote za kaseti tulizokuwa nazo ziingizwe humo. Kanda zilikuwa zimejaza chumba kizima, nyingine zinanuka unyevu, na kila mmoja wetu alizihofia.

Kuziingiza kulikuwa rahisi: unacheza kanda, kompyuta inasikiliza, mwisho unapata faili. Kasheshe ilianza hapo. Kila faili ulilifungua, ukapandisha sauti kwa sababu kanda zetu zilikuwa zimefifia, ukakata mahali palipo kimya kwa sababu diski ilikuwa ndogo, ukalihifadhi kwa namna isiyokula nafasi, ukalipa jina, ukalifunga. Kisha ukafungua linalofuata. Nilikuwa nimekaa kwenye kazi hiyo mchana mmoja, shingo imekakamaa, Fundi Mitambo alipopita na bisibisi mkononi.

"Unafanya nini, Mtangazaji?" Hakuniita kwa jina pia, alitulipa kwa sarafu yetu.

"Napandisha sauti."

"Na lile pale?"

"Nitapandisha sauti."

"Na kesho?"

Akavuta kiti.

Watu wa leo wakisikia habari hii hudhani alikuwa mtaalamu wa kuandika programu. Hakujua kuandika hata mstari mmoja, wala hakutaka kujua. "Kompyuta si lazima uiandikie," alisema. "Unaweza kuionyesha." Programu yetu ya kuhariri sauti ilikuwa na mahali pa kubonyeza ili ikuangalie unavyofanya. Unabonyeza, unalifanya faili moja kwa mkono wako, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho, kisha unabonyeza tena kuiambia imetosha. Unazipa hatua hizo jina. Siku nyingine unaionyesha folda nzima na kuiambia: haya, kama vile. Inakwenda faili kwa faili, na wewe unakwenda kunywa chai. Kitufe hicho kilikuwepo mbele ya macho yetu sote. Ni yeye tu aliyekuwa na hasira ya kutosha ya kukitafuta.

Ila hakukuruhusu kukibonyeza kabla hujaisema kazi yako kwa mdomo. Hilo lilikuwa sharti. Ulisimama mbele yake kama mtoto wa darasa la pili, ukaeleza hatua zako kana kwamba unamwelekeza mgeni anayeteremka Mikese kwa mara ya kwanza katika maisha yake na anatakiwa afike hadi mlangoni kwako.

"Nafungua faili," nilianza. "Napandisha sauti kama kawaida..."

"Simama hapo. Kawaida ni nini?"

"Si ile ya siku zote, Fundi."

"Hiyo kawaida ndiyo itakayokuponza. Mashine haikuzaliwa hapa. Haijui kawaida yako."

Nilichukia zoezi lile, na nikiri kwamba limenisaidia katika mambo mengi yasiyo ya kompyuta, pamoja na kulea. Mara nyingi nilipofika katikati ya maelezo niligundua kwamba kuna hatua ninayoifanya bila kujua ninaifanya. Alifurahi sana hapo. Alipiga goti lake kwa kiganja na kusema, "Umeiona! Ilikuwa imejificha!"

Folda zake alizipa majina ya nyumbani. Faili lililotoka kwenye kanda, bichi, lilikaa Shambani. Nakala yake iliingia Jikoni, na huko ndiko mashine ilikoruhusiwa kukatakata. Lililoiva lilikwenda Mezani, na la Mezani ndilo lililorushwa hewani. Mtu aliyethubutu kupika akiwa Shambani, yaani kuligusa faili bichi bila nakala, alipewa ile ya miwani kwenye paji la uso na hakusemeshwa mpaka kesho yake. Na mashine ikimaliza, sharti usikilize kidogo cha mwanzo, kidogo cha katikati na kidogo cha mwisho wa folda. "Mwonjaji hamalizi sufuria," alitania, "lakini lazima aonje."

Msimfanye malaika. Alikosea, na makosa yake yalikuwa makubwa kwa sababu mashine ilimsaidia kuyakuza. Kuna mara alizipa namba sehemu za mchezo wetu wa redio: moja, mbili, tatu, mpaka zikapita kumi. Kompyuta haikuhesabu kama sisi. Ilipanga moja, kisha kumi, kisha kumi na moja, ndipo mbili. Hakuna aliyetazama. Wasikilizaji wa Morogoro wakasikia mzee wa kwenye mchezo ameugua kidogo, siku iliyofuata amezikwa na watu wanagombea shamba lake, na siku chache baadaye amekaa kibarazani anauliza ugali uko wapi. Simu zililia. Mama mmoja wa Mkuyuni, mahali pa gulio kwenye njia ya kuelekea Matombo, alipanda gari mpaka mjini kutuuliza kama tunacheza na mambo ya wafu. Fundi Mitambo aliomba radhi kwa mkono kifuani. Baada ya hapo namba zake zote zilianza na sifuri, na akitaka kukuonya juu ya kazi ya pupa alikuambia, "Utamfufua mzee wa watu."

Tulilicheka kosa hilo miaka mingi. Lile la pili hakuna aliyelicheka.

Mama yake aliishi mlimani, juu ya Mkuyuni, mahali ambapo gari linakuacha na unabaki na miguu yako. Fundi Mitambo alimpenda mama huyo, nasema kwa uhakika, kwa namna ya watu wenye shughuli. Siku za gulio alimtumia sukari, sabuni na mafuta ya taa kwa mkono wa wachuuzi wa ndizi. Kwenda mwenyewe, alikuwa anakwenda wiki ijayo. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa hauishi kumsumbua, jenereta haliishi kukohoa, na tajiri haishi kumwita. "Mama yupo," alisema. "Mlima nao upo."

Ndipo mimi nikaenda, kwa ajili ya kipindi cha wazee. Alinipa betri mpya za kinasa sauti, akanielekeza njia kwa ufasaha wake wote, hatua kwa hatua, na hakutumia neno kawaida hata mara moja. Nilifika bila kuuliza mtu.

Mama yake alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuchekacheka, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mwendo wa Kiluguru, kinapanda na kushuka kama njia niliyoijia. Aliongea chini sana. Hakuwa mgonjwa, ndivyo alivyoona mtu mzima anapaswa kuongea na mgeni. Kumpayukia mgeni, aliniambia, ni kama kumfukuza. Niliweka kipaza sauti katikati ya mkeka, kati yangu na yeye. Alikitazama, akauliza kama ni kitu cha thamani. Nikasema ndiyo, mama, bila hicho hakuna kipindi. Basi akakisukuma taratibu mpaka kikafika mbele ya magoti yangu, kama alivyokwisha kuisukuma sahani ya ndizi. Nilikirudisha, akakisukuma tena. Kitu kizuri kinakaa mbele ya mgeni. Mwisho nikakiacha, nikasogea mimi, na tukaongea mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia.

Kipindi kilirushwa moja kwa moja kutoka kwenye kanda, na kijana wa mitambo alikuwa akipandisha sauti kila mama alipoongea na kuishusha nilipoongea mimi. Mwanawe hakukisikia. Jioni ile alikuwa kwenye mnara akihangaika na mtambo. "Nitakisikiliza siku nyingine," aliniambia. "Si kipo?"

Kazi ya kuingiza kanda ilipofika kwenye zile za wazee, Fundi Mitambo alikuwa na hatua zake tayari, zimenyooka na amezijaribu. Alikuwa ameionyesha mashine kwa kutumia kipindi cha michezo, wale mashabiki wetu waliokuwa wakibishana kana kwamba studio inaungua. Katika kipindi kile, sauti yoyote iliyoshuka chini ya kiwango fulani kweli ilikuwa kimya: mtu anavuta pumzi, mtu anageuza karatasi. Akaiambia mashine, chini ya hapa, kata. Ikakata vizuri. Kisha akaionyesha folda ya wazee: haya, kama vile.

Aliionja folda, mwanzo, katikati, mwisho. Mzee wa mwanzo alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuita wanafunzi mstarini. Wa katikati alikuwa muadhini. Wa mwisho alikuwa mwanakwaya. Mezani palinukia vizuri. Tajiri alitaka kanda zirudi kazini na diski ipumue, kwa hiyo Fundi Mitambo akafuta faili za Shambani, akachukua sumaku yake nzito, akazipitishia kanda zote na kuzifuta sauti, tayari kwa matangazo ya sabuni.

Masika ya mwaka ule mama alifariki. Tulipanda kuzika kwenye mvua. Fundi Mitambo alilia makaburini kwa sauti, mbele za watu, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Aliporudi kazini alikuja moja kwa moja mezani kwangu. Arobaini inakuja, alisema, wajukuu wapo wengi wasiomfahamu vizuri, anataka kupanda na sauti ya bibi yao.

"Mtangazaji, nifungulie la mama."

Nikafungua. Sauti yangu ikajaa chumba.

"Shikamoo, mama. Asante, nimekaribia. Hapana, nimeshiba. Haya, kidogo tu. Mama, hivi zamani hapa mlilima nini? Ahaa. Na maji mliteka wapi? Ehee. Pole, mama. Sana, mama. Tena sana. Kweli?" Kisha kicheko changu, kirefu, peke yangu.

Nilikuwa kama mwendawazimu anayehojiana na ukuta. Maswali yalifuatana bila nafasi, yamebanana, na kati yake palibaki kikohozi kimoja cha mama na mlio wa kikombe, kwa sababu hivyo tu ndivyo vilivyozidi kile kiwango. Nilinyoosha mkono nizime. Akanizuia. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama.

"Imefanya nilivyoionyesha," alisema.

Nikaanza kumwambia, "Fundi, mama alisema..." Akapandisha miwani kwenye paji la uso, na safari hii macho hayakuwa ya mtu aliyechoshwa. "Acha," alisema. Kisha akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akasema kuna waya umelegea. Alikaa huko muda mrefu. Waya zote zilikuwa zimekaza, nilizikaza mwenyewe asubuhi ile.

Hakuacha kuifundisha mashine. Waliotarajia kwamba angesusa na kurudi kwenye kalamu na karatasi hawakumjua. Kilichobadilika ni swali lake. Akija mtu na folda ya kazi, baada ya kumsimamisha aeleze hatua zake, alimuuliza, "Humu ndani nani anaongea chini kuliko wote?" Asiyejua alirudishwa akatafute. Anayejua aliambiwa amlete huyo, aonyeshe kwa huyo kwanza. Watoto waliokuja baadaye kujifunza kazi walidhani ni utaratibu wa kitaalamu kutoka Ulaya.

Mwishowe redio iliuzwa, kama vitu vingine vya wakati ule, na mmiliki mpya akaleta watu wake. Mimi nilikwenda Dar es Salaam. Fundi Mitambo alibaki Mafiga, akafungua meza ya kutengeneza redio na kompyuta ubavuni mwa nyumba yake. Tulisalimiana kwa watu, mwambie hajambo, mwambie nimemkumbuka, na miaka ikapita hivyo.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimekuja Morogoro kwenye harusi. Asubuhi, kabla ya shamrashamra, nikapita Mafiga. Nilimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, nywele zimekuwa nyeupe, shati ni lile lile au ndugu yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mtangazaji. Umenenepa. Ingia ndani."

Hakuuliza habari za safari, wala watoto, wala Dar. Nilijua hapo hapo kwamba kuna jambo lilikuwa likinisubiri. Sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma cha mkewe, palikuwa na kompyuta ya zamani yenye picha ya paka. Aliinunua redio ilipouzwa, kumbe. Aliiwasha, tukangoja, akafungua faili.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti yangu ya ujana.

Kisha kimya. Nilidhani imekwama. Sauti ikarudi: "Asante, nimekaribia." Kimya tena, kifupi zaidi. "Hapana, nimeshiba." Kimya kirefu, na nikaiona sahani ya ndizi ikisukumwa.

Alikuwa ameyarudisha mapengo. Kila mahali mashine ilipokata, alikuwa amepasua na kuingiza ukimya, na kila ukimya ulikuwa na urefu wake. Aliniambia alivyoupima. Nikijibu ehee, mama alikuwa amesema neno moja au mawili. Nikijibu pole, alikuwa amesimulia. Nikianza swali jipya kwa sauti iliyopoa, alikuwa amenyamaza yeye mwenyewe, na hapo aliweka kidogo zaidi, kwa sababu mama yake alipenda kunyamaza.

"Ulifanya yote kwa mkono?" nilimuuliza. "Wewe?"

"Hakuna la kuionyesha mashine humu. Hakuna mawili yanayofanana."

Tulisikiliza, tumekaa kama watu wa ibada. Yeye aliyatazama mapengo kwenye kioo, mstari ulionyooka baada ya milima ya sauti yangu, na mahali pengine alitikisa kichwa kana kwamba amesikia. Ndipo tukafika mahali fulani.

"Sana, mama," ilisema sauti yangu, ikicheka. "Tena sana."

Akasimamisha.

"Hapa," alisema. "Hapa aliuliza nini?"

Nikaukumbuka mkeka ule.

"Yale mengine naweza kuyakisia," alisema. "Walilima nini, najua. Maji waliteka wapi, najua, nimeyateka. Hapa sijui. Najua tu kwamba ni habari yangu, maana humu ndani hukucheka hivyo mahali pengine popote. Niambie ukweli, mwanangu. Aliuliza kama nimemsahau?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Miaka yote ile alikuwa ameisikia sauti yangu ikimwambia mama yake kwa kicheko: sana, mama, tena sana.

"Kwa nini hukuniuliza siku ile, Fundi? Nilitaka kukuambia."

"Niliogopa."

Nikasogeza kiti karibu. Nilikuwa nimelikumbuka neno lile muda wote, kwa sababu nilikuwa nimelirudia mara nyingi pale redioni nikimcheka nyuma ya mgongo wake. Nikamwambia kwamba mama aliuliza hivi: "Na huyo mwanangu, huko mjini, bado ana haraka vile vile?" Mimi nikasema sana, mama, tena sana. Naye akasema, "Tangu mdogo. Hangoji ugali upoe. Akiungua ulimi anakuja kuulalia mgongo wangu." Hapo nikauliza kweli, naye akasema, "Kweli. Na mimi nampulizia."

Fundi Mitambo alikaa ametazama ule mstari ulionyooka. Jikoni mkewe alikuwa akiosha vikombe, na jirani alikuwa akiita kuku.

"Ulivyosema sivyo alivyosema," alinong'ona baadaye. "Yeye alisema chini."

Nikavuta pumzi, nikasema tena maneno yote tangu mwanzo, chini, kwa ule mwendo wa kupanda na kushuka, kadiri nilivyoweza mimi mtu wa Songea. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alivua miwani yake kabisa, akaiweka juu ya meza, akafumba macho na kuniinamishia sikio.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.